Kifaru cha Tunisia na Kitana cha Maman Solange

Safari yangu ya kwenda Brussels ilichukua siku kumi na moja, na kati ya hizo sita nilikuwa nimekaa tu juu ya begi langu. Nilitoka Tabora kwa basi hadi Mwanza, Mwanza hadi Nairobi, Nairobi kwa ndege hadi Addis Ababa ambako ndege ya pili iliondoka bila sisi, kisha Roma, kwa sababu tiketi ya Roma ilikuwa rahisi kuliko nyingine zote. Kutoka Roma nilipanda treni. Nilivuka milima ya theluji nikiwa nimevaa koti la suti la marehemu baba na raba za turubai bila soksi. Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekaa mbele yangu alinitazama miguu, akafungua sanduku lake, akanipa jozi ya soksi za sufu. Nilizivaa mpaka zikatoboka. Ninachokumbuka zaidi si wema wake. Ni kwamba nilimwonea wivu mtu anayesafiri na soksi za ziada.

Naandika haya kwa ajili yenu, Clarisse na Patrick, mnaokalia sasa mabenchi yetu. Deo ameniomba. Amesema mnajua kupaka rangi lakini hamjui mambo yalivyoanza, na kwamba mimi sasa nina nafasi. Ni kweli, nina nafasi. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba, na hapa Tabora watu wakisikia hivyo wanadhani nilikuwa mwanajeshi. Wakiuliza nilikuwa nafanya nini nikawajibu kwamba nilikuwa kwenye vifaru, wanatingisha kichwa kwamba walijua tu.

Dada yangu Mariamu alikuwa ameolewa na Mkenya aliyefanya kazi katika ofisi moja ya kimataifa, na walikaa Etterbeek, ghorofa ya nne, bila lifti. Shemeji alikuwa mtu mwema aliyetumia Kiingereza hata kuomba chumvi. Makaratasi yangu yalichukua muda; siyasimulii, kila mwenye makaratasi ana hadithi yake na zote zinafanana. Wakati huo euro ilikuwa bado mpya mifukoni mwa watu, wakiigeuza-geuza kabla ya kulipa. Mimi nilikuwa natembea. Nilikuwa nimezoea. Baada ya kidato cha nne nilijifunza kuandika mabango ya maduka Mwanza, nikahamia Lusaka, kisha Mombasa. Kila mji nilikaa mpaka nianze kuukumbuka ule wa nyuma, ndipo nikafunga brashi zangu.

Karakana yenu ya modeli za vifaru niliiona kwa miguu hivyo hivyo, mtaa wa pili kutoka kwa dada. Dirishani palikuwa na kifaru cha Kijerumani cha vita kuu ya pili, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, kila kitu mahali pake: mnyororo, mzinga, hata ndoo ndogo imening'inia nyuma. Ubavuni palikuwa na namba ya tarakimu tatu, na ile ya katikati ilikuwa imeinama kulia kidogo. Nilipita. Nikarudi. Nikapita tena. Mwishowe nikaingia, nikaigusa ile tarakimu kwa kidole. Kifaransa changu kilikuwa na maneno kama ishirini, na hakuna hata moja lililohusu vifaru.

Mwenye karakana, Lucien, alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeupe kama la mfamasia. Alikitazama kifaru, akanitazama mimi, akachovya kitambaa kwenye spiriti, akaifuta ile tarakimu. Kisha akanitia brashi mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya maombi ya kazi.

Aliniita Joseph. Nilimsahihisha mara mbili kwamba ni Yusufu, kisha nikamwachia. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa Joseph kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Siku yangu ya kwanza hasa nilipewa tupa na gurudumu moja la kifaru aina ya Tiger, kile cha mwanzo chenye magurudumu arobaini na nane yanayopishana kama vigae vya paa. Kazi ilikuwa kuondoa mshono unaobaki pale resini inapotoka kwenye kalibu. Nilipiga tupa asubuhi nzima. Lucien alilichukua gurudumu langu, akalisukuma juu ya meza. Lilikwenda kidogo, likakuta ubavu wangu bapa, likasimama. Alilisukuma lake: likavuka meza, likaanguka, likaenda mpaka mlangoni. Gurudumu langu lile bado liko juu ya rafu. Mkiwa na siku mbaya, lisukumeni.

Alinifundisha vitu vingi, vingine mnavifanya bila kujua vimetoka kwake. Resini iliyopinda inalowekwa maji ya moto, hailazimishwi. Rangi ya kwanza iwe nyepesi mpaka uone aibu nayo. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya mafaili. Kila kifaru kilikuwa na faili la picha za zamani, na nyuma ya kila picha Lucien alikuwa ameandika mwezi na mahali. "Kwanza mwezi, ndipo rangi," alisema. Vifaru vile vilibadilika kila baada ya miezi michache: leo wameongeza kifuniko, kesho wameondoa taa. Mtu akichanganya mwezi mmoja na mwingine, ametengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani.

Na desturi ya jina mnaijua. Kabla ya kubandika kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka na mzinga wake, aliyekijenga anaandika jina lake kwa penseli ndani ya bodi. Kisha gundi. Hakuna atakayeliona tena. Mimi niliyezoea kuandika majina ya watu wengine juu ya maduka kwa herufi za futi mbili, mwanzoni niliona ni upuuzi. Mwaka wa tatu nilipoandika langu la kwanza, nilikaa na bodi ile magotini mpaka Lucien akauliza kama naumwa.

Dada Mariamu hakuipenda kazi hii. "Babu alibebeshwa mizigo ya Wajerumani mpaka mabega yakapinda," aliniambia, "na wewe umepanda ndege kuja kuwatengenezea vifaru." Lucien alikuwa na sababu yake: mji wa mama yake ulipitiwa na vifaru hivyo, na alitaka kujua kila msumari wa kitu kilichomtisha mama yake. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Mimi nilivijenga kwa sababu nilikuta namba imeinama.

Miaka saba tulikuwa wawili. Yeye kwenye benchi la dirishani, lenye mwanga wa kaskazini usiobadilisha rangi, mimi kwenye la ukutani chini ya taa. Nilipiga mluzi kutwa, naye alilalamika kutwa. Kisha akaja Deo.

Deo mnamfahamu sasa ana kitambi na miwani. Wakati ule alikuwa mwembamba, ametoka Bukavu kwa njia ndefu kuliko yangu na mbaya kuliko yangu. Alifungua mlango, akasimama, akaangalia rafu zote kwanza, kisha akaniita grand, yaani kaka mkubwa, jina alilonipa mpaka mwisho.

"Bonjour, grand. Mimi ni Deo. Batu baliniambia huku kuko mu-Tanzanien moja anajenga machars."

"Vifaru. Ndiyo, ni mimi."

"Na mikono tu?"

"Kwa mikono."

"Donc haziendeke?"

"Haziendi."

"Basi ni bien. Zile za kuenda nilishaziona."

Lucien aliuliza amesema nini. Deo alimtafsiria kwa Kifaransa kilichonyooka, na Lucien, ambaye kwa miaka saba nilikuwa nimemchekesha labda mara nne, alicheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo ilipoanzia. Naijua saa na dakika.

Kule kwao Deo alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mtu aliyezoea kutengeneza jino linaloingia kinywani mwa mtu bila kuumiza, mpe resini na puti ya kuzibia nyufa uone. Gurudumu lake la kwanza lilivuka meza, likaanguka, likafika mlangoni. Nilikuwa nimesimama palepale. Likagonga kiatu changu.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshaondoka: nilimwonea wivu mchana kutwa, kama kazi ya pili. Niliona wivu kwa vidole vyake. Niliona wivu jinsi Lucien alivyovuta kiti kando yake wakati wa kahawa, wakazungumza haraka-haraka mambo ambayo mimi nilipata nusu. Hata chakula chake niliona wivu. Alileta pondu, yaani kisamvu, kwenye kopo, karakana nzima ikanukia kwao, na mimi mkate wangu wa jibini.

Mwaka wa pili wa Deo ilikuja ile kazi. Mhandisi mstaafu, Monsieur Hubert, alitaka vifaru vitatu kwenye kabati moja la kioo, vionyeshe jinsi Tiger ilivyozaliwa na kukua. Hadithi yenyewe mnapaswa kuijua. Jeshi la Ujerumani lilitaka kifaru kizito, wakashindanishwa wajenzi wawili. Wa kwanza alikuwa mhandisi mwenye jina kubwa, anayependwa na wakubwa. Alibuni kifaru chenye injini zinazozalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha minyororo. Alikuwa na hakika ya kushinda kiasi kwamba bodi zake karibu mia zilishaanza kutengenezwa kabla ya shindano kwisha. Wa pili alitengeneza kitu cha kawaida zaidi. Siku ya majaribio injini za yule wa kwanza zilimsumbua, na wa pili akachukua kazi yote. Zile bodi za aliyeshindwa hazikutupwa. Zilifungwa mzinga mkubwa usiozunguka, zikawa gari la kuwindia vifaru vya wengine.

Lucien aligawa kazi asubuhi moja tukiwa tumesimama. "Joseph, wewe utajenga yule aliyeshindwa, kama alivyokuwa siku ya majaribio. Deo, wewe mshindi, yule wa kwanza kabisa aliyepelekwa Tunisia. Wa tatu, wa mwisho wa vita, nitamfanya mimi."

Mimi aliyeshindwa. Miaka tisa karakanani. Nilisema sawa, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Wiki chache baadaye nyonga ya Lucien ikakataa kabisa, akaingia hospitali ya kule Woluwe-Saint-Lambert kufanyiwa upasuaji. Kabla ya kuondoka alituita wote wawili. Alisema akirudi hataweza tena kukaa kwenye benchi la dirishani siku nzima, na mmoja wetu atalikalia, na mwenye kulikalia ndiye atakayejenga kifaru cha tatu na hatimaye kuishika karakana. "Nitaamua Hubert akishaviona viwili vya kwanza." Kisha akanigeukia mimi peke yangu, akanikabidhi mafaili yote matatu. "Joseph, wewe ndiye jicho langu. Chochote kinachopakwa humu ndani, wewe umekiona."

Niliyaweka mafaili kwenye benchi langu, chini ya kiwiko.

Sasa kuhusu lipu. Kuna kipindi cha vita Wajerumani walipaka vifaru vyao lipu nene yenye mistari-mistari, ili adui asiweze kubandika bomu la sumaku kwenye chuma. Kwenye modeli ni kazi ya mateso. Mimi niliifanya kwa bisibisi ndogo, nikibonyeza puti mstari mmoja baada ya mwingine, na ubavu mmoja wa kifaru ulinichukua wiki mbili. Nilijivunia sana. Wateja walikuwa wanaleta lenzi.

Jumamosi moja Deo aliniomba nimsindikize Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika. Nilikwenda kwa sababu ya kukumbuka kelele za watu. Tuliingia saluni ya Maman Solange, mama wa Goma mwenye sauti ya spika ya kanisani, na Deo akaanza kupekua masanduku yake ya vitana.

"Deo! Unatafuta nini mu vitu vyangu?"

"Kitana ya meno ya karibu-karibu, maman. Ya chuma."

"Ya nani? Wewe nywele yako ni ya kukata tu. Na papa huyu," akanionyesha kwa mkasi, "yeye hana hata moja ya kuchana."

"Ni ya char, maman."

"Ya char!" Wanawake wote chini ya mashine za kukaushia wakageuka. "Yesu! Sasa muna vita ya kusuka?"

Deo alikipata alichotaka, akakikata kwa msumeno akabaki na kipande cha meno kumi na mawili. Jumatatu alipaka puti kwenye ubao wa plastiki, akapitisha kile kipande mara moja. Mistari kumi na miwili ilitoka, imenyooka, yenye kingo zilizopasuka kidogo kama ile ya kwenye picha. Mkono mmoja, pumzi moja.

"Grand, angalia. Iko nzuri ao?"

Nilitazama wiki zangu mbili pale juu ya ubao. "Si mbaya," nikasema.

Siku iliyofuata nilikuwa nimeinama juu ya aliyeshindwa wangu nikasikia ile sauti ya kitana ikikwaruza, tena na tena, kwa furaha. Niliinua kichwa. Deo alikuwa anapaka lipu kifaru cha Tunisia.

Sikuhitaji kufungua faili, lakini nililifungua. Kila picha, nyuma yake, mwandiko wa Lucien: mwezi na mahali. Vita vya Tunisia vilikuwa vimeshakwisha miezi kadhaa kabla ya lipu ile kuanza kupakwa. Hakuna Tiger hata mmoja aliyefika Afrika nayo. Deo alikuwa ameona vifaru vingi vyenye lipu kwenye rafu zetu, ana chombo kipya mkononi, na faili liko chini ya kiwiko changu. Ilikuwa asubuhi, alikuwa amemaliza kibati kimoja cha mbele. Angekifuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla puti haijashika. Sentensi moja tu.

Nilifunga faili.

Nilijiambia kwamba mtu mzima anauliza. Nilijiambia kwamba sheria ya mwezi aliambiwa kama nilivyoambiwa. Siku ya pili alimaliza ubavu wa kushoto, ya tatu wa kulia, ya nne mgongo na kichwa. Kilikuwa kifaru kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na hakijawahi kuwapo duniani. Nilikuwa nakula vizuri siku zile. Nililala vizuri.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikwenda Woluwe kumwona Lucien. Alikuwa amelala na mguu umefungwa, mdogo kuliko nilivyomzoea bila lile koti jeupe.

"Joseph. Wa Deo anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Umemwona?"

"Nimemwona kila siku."

Akanipapasa mkono. Nilichukua basi kurudi Etterbeek nikahesabu vituo, kitu ambacho sikuwahi kufanya.

Lucien alirudi kwa magongo, na siku hiyohiyo Monsieur Hubert akaja. Changu alikizunguka, akasema ni sahihi, hata skrubu. Akageukia cha Deo. Alikitazama kwa muda mrefu na uso wake ukafurahi kweli, kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. Kisha akauliza kwa upole, "Ni maridadi sana. Lakini hiki si cha Tunisia?"

Deo alisema ndiyo. Hubert akakohoa. Lucien hakuhitaji kusogea karibu, aliona kutoka mlangoni. Na hakumtazama Deo hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Na faili?"

"Lilikuwa kwangu."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimwomba Hubert wiki sita zaidi. Kisha akasema, "Lipu hiyo mtaitoa wote wawili," akaenda kukaa.

Puti ile ikishashika ni kama jiwe. Haifutiki, haiyeyuki, inakwanguliwa kwa patasi ndogo na msasa, na chini yake kuna misumari midogo mia kadhaa ambayo ukiigusa inaondoka. Tulikaa mimi upande huu, yeye upande ule, kifaru katikati. Deo alitumia zana zake za meno, kwa mkono mwepesi kama mgonjwa yuko macho. Mimi nilitumia msasa na hasira, na sikuvaa barakoa kwa sababu nilikuwa na haraka yaishe. Nilipovunja misumari, yeye ndiye aliyeitengeneza upya. Mwisho wa wiki ya sita kifaru kilikuwa kitupu, cha rangi ya kahawia, na mapipa yake ya kuchujia vumbi nyuma, na kwa namna fulani kilikuwa kimepata uchovu wa kweli ambao hakuna brashi ingeweza kuutia. Hubert alikipokea kwa mikono miwili.

Benchi la dirishani akapewa Deo. Lucien hakutoa hotuba. Alisema tu, mbele yetu sote wawili, "Aliyekosea nimemwona anajifunza." Sehemu ya pili ya sentensi hakuisema. Nimeimalizia mwenyewe mara nyingi.

Nilibaki. Mtanisamehe, sikuwahi kukaa mahali muda mrefu hivyo, na nafikiri ni wivu ulionishikilia. Sikutaka kwenda mbali na dirisha lile. Nilifanya kazi chini ya Deo miaka sita. Alikuwa mkubwa mwema wa kazi, jambo lililonikera. Kitana tulikitumia sote kwenye kifaru cha tatu, ambapo lipu ilistahili. Lucien alihamia pwani kwa binti yake. Mimi nilianza kukohoa. Daktari wa kulekule Woluwe alitazama picha za mapafu, akasema resini na vumbi basi, na ikiwezekana hewa nyingine. Hakusema ni vumbi la kifaru kipi. Mimi ndiye nasema.

Siku yangu ya mwisho niliingia saa tatu kama kawaida, begi langu mlangoni, ndege ni ya jioni. Nilimkuta Deo ameweka kitu kwenye kitambaa: kifaru cha Tunisia. Monsieur Hubert alikuwa amehama nyumba, wabebaji wakakigonga, kichwa kikaachia gundi. Kililetwa siku mbili kabla.

"Grand, nilikuwa nakungoja tukifunge pamoja."

Nilijua kilichomo ndani. Kwa miaka sita nilikuwa nimeliona jina lile bila kuliona: Deo, kwa penseli, kwenye bodi ambayo mikono yangu ilisugua nusu yake. Niliinua kichwa cha kifaru, nikawasha taa, nikachungulia.

Hapakuwa na jina. Bodi tupu.

"Ulisahau?" nikamuuliza.

"Sikusahau."

Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Grand, wewe ulikuwa unapigaka mluzi siku yote. Asubuhi ile nilianza kupaka, mluzi ukaisha. Nikasema mu roho: kuko kitu. Muntu haachi mluzi bure. Nikaona umefungua faili, umefunga. Alors nikajua nakosea. Sikujua kosa ni gani, lakini nilijua."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Eh! Miaka yote ile uko na monsieur, unajua miezi ya vita kama kalenda. Akitaka kujua kitu anakuita, Joseph, Joseph. Mafaili anakupatia wewe, si mimi. Mimi niko na vidole tu. Nilikuwa na wivu, grand. Nikasema: afadhali niharibu char nzima kuliko kumuuliza huyu." Akavaa miwani. "Donc jina langu singeweza kuweka mule. Na lako pia haikufaa."

Nilikaa kwenye kiti cha dirishani bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikimwonea wivu mtu aliyekuwa akinionea wivu, tukiwa umbali wa mita tatu, tukichangia jiliwa moja la kubania kazi. Nilitaka kucheka, kikaja kikohozi. Deo akaniletea maji.

Kisha akachonga penseli. Akainama akaandika ndani ya bodi: *Deo alipaka bila kuuliza.* Akanipa penseli. Nami nikaandika chini yake: *Yusufu aliona, akanyamaza.* Tukatia gundi pande nne, tukakiweka kichwa, tukakishikilia pamoja kwa mikono minne, ingawa miwili ingetosha, mpaka kikashika. Kikirudi tena benchini kwenu, Clarisse na Patrick, rekebisheni mnachotakiwa, ila kichwa msikiinue. Mmeshajua kilichomo.

Alinisindikiza mpaka kwenye basi la uwanja wa ndege, akanibebea begi. Basi lilipogeuka kona niliendelea kuyaona yale maandishi mawili, moja juu ya jingine, kwenye mwanga wa taa. Mimi niliyekula kwa mwandiko tangu nilipotoka shule. Na herufi zake zilikuwa zimekaa vizuri kuliko zangu.